Mafuta ya Ng'ombe Katika Kompyuta ya Mama Gathoni

Walisema sitaweza. Naanza hapo kwa sababu wengi waliosema hivyo bado wako hai, na nataka wasome.

Fundi wa redio aliyekuwa na kibanda karibu na stendi ya Nyeri alisema nitateketeza Ruring'u yote, kuanzia uwanja wa mpira mpaka kanisani. Mwalimu aliyenifundisha hesabu kwetu Giakanja alisema umeme na mafuta havikai chombo kimoja, na kwamba kama hayo ndiyo niliyosomea India, basi nauli ilipotea. Binamu yangu alisema kabla ya mahindi kukomaa nitakuwa nimehamia Nairobi kuuza soksi barabarani. Walitofautiana kuhusu aina ya aibu itakayonipata, lakini walikubaliana kwamba kuzamisha kompyuta ndani ya mafuta na kuitumia kutwa kucha, huyu Wahome hataweza.

Niliweza. Ninyi wawili niliowaachia karakana mwezi uliopita mmeniuliza mara nyingi ilikuwaje, nami nilikuwa nikiwajibu kwa haraka huku nimeshika kazi nyingine. Sasa nimestaafu, sina kazi nyingine. Vyeo na mishahara sitavitaja. Mtu aliyejiajiri hupandishwa cheo na nani? Nitawaambia kuhusu kazi.

Nilisomea Pune, kule India, na kupata diploma ya umeme na elektroniki. Nasema diploma. Sikufanyiwa harambee. Wenzangu wa kijijini waliokwenda ng'ambo walichangiwa na kanisa, na mbunge akaja kupigwa picha. Mimi nilitengeneza redio za watu miaka minne, nikauza fahali wangu wawili, nikapanda ndege bila mtu hata mmoja wa kunisindikiza. Wako watu mjini Nyeri wenye cheti cha wiki sita wanaojiita injinia. Mimi sikuwahi kujiita hivyo. Watu ndio walioniita.

Darasani nilijifunza hesabu za saketi. Kazi niliifunzwa kwenye karakana ya kutengeneza transfoma, nilikokwenda kila mchana baada ya masomo. Pale alikuwepo fundi mzee, Bwana Kulkarni, mtu mwembamba aliyefunga suruali kwa kamba na kuvaa saa mbili, moja ikiwa imesimama. Siku yangu ya kwanza sikuguswa na transfoma wala mimi kuigusa. Alinipa msumari mrefu, jiko dogo na kikopo cha mafuta ya transfoma.

"Choma msumari," aliniambia, "utie ndani, usikilize."

Nilitia. Msumari ulizama kimya.

"Hayo hayana maji," alisema. Akanipa kikopo cha pili. Kwa macho mafuta yalikuwa yale yale, angavu, lakini msumari ulipoingia yalitatarika kama mafuta ya maandazi yanayorukiwa na tone. "Hayo yana maji. Yakiingia kwenye umeme, utazikwa."

Nilichoma misumari wiki tatu. Mafuta safi hayapitishi umeme lakini hubeba joto, ndiyo maana transfoma hujazwa mafuta: yanachukua joto la waya na kulipeleka kwenye kuta za chuma. Maji kidogo tu yakiingia, yote hayo yanaharibika. Kulkarni alipima mafuta ya kila mtu. Hata mwenye karakana alipoleta pipa lililofungwa kiwandani, mzee alichoma msumari wake mbele ya yule tajiri, akasikiliza, ndipo akamwamkia. Nililiona hilo kuwa ukosefu wa adabu. Kumbukeni nililiona hivyo.

Nilirudi Nyeri mwanzoni mwa miaka ya tisini na sanduku moja la nguo na mawili ya vifaa. Nilikodi chumba Ruring'u, nikapanga mezani mita yangu, chuma cha kulehemu, bisibisi kumi na moja, na brashi ya manyoya ya mbuzi niliyojitengenezea. Siku ya kwanza alikuja mtu mmoja, na alitaka kujua kama nauza mkate. Siku ya pili hakuja mtu. Ya tatu alikuja Mama Gathoni.

Alikuwa mjane wa umri wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Alikuwa na kinu cha chakula cha mifugo hatua mia mbili kutoka kwangu. Wenye ng'ombe wa maziwa na wafuga kuku walimletea pumba za mahindi, mashudu ya pamba, alizeti na omena, yaani dagaa, naye alisaga na kuchanganya. Jambo lililomtofautisha na wengine ni kwamba alimchanganyia kila mkulima kulingana na ng'ombe wake: huyu anatoa maziwa kiasi gani, yule ana mimba ya miezi mingapi. Hesabu hiyo kwa kalamu ilimla siku mbili kila wiki. Kwa kompyuta ilikuwa ya dakika chache, na mpwa wake wa Nairobi alikuwa amemwekea programu na kumfundisha kuitumia.

"Wahome," alisema, akiweka mashine mezani kwangu kama mtu anayetua maiti. "Hii ni ya tatu. Ya kwanza ilikufa baada ya miezi minne, ya pili mitatu. Hii hata haijamaliza miwili. Watu wa Nairobi wananiambia ati niweke kwa chumba safi. Chumba safi nitatoa wapi, mimi niko na kinu?"

Nilifungua. Ndani hamkuwa na kompyuta. Mlikuwa na uji mkavu. Vumbi la pumba na omena lilikuwa limevutwa na feni, likashika kila kitu, likanywa unyevunyevu wa asubuhi za Nyeri na kuganda. Harufu yake ingemfurahisha paka.

Nilisafisha kwa brashi yangu, ikafufuka, na baada ya wiki tano ikarudi imekufa. Hapo ndipo nilipomwambia kwamba adui si vumbi. Adui ni feni. Kompyuta inavuta hewa kwa sababu inahitaji kupoa. Tukiipoza bila hewa, vumbi halitakuwa na njia ya kuingia.

"Itapoa na nini?"

"Mafuta, mama. Tunaizamisha."

"Unaizamisha ikiwa inafanya kazi?"

"Ikiwa inafanya kazi."

"Sawa," alisema. "Mimi nimechoka na hii maneno. Nakupa mpaka Jumamosi ya pili ya Agosti. Wakulima wangu wanataka hesabu, na kuna kinu Karatina kinawaita. Ukiweza, kazi zote za umeme za kinu ni zako. Ukishindwa, nitaambia kila mtu anayeingia hapa na gunia ya kwamba wewe ni wa mdomo tu. Na wewe unajua ni watu wangapi wanaingia hapa."

Nilijua. Kinu kile ndicho kilichokuwa gazeti la Ruring'u, Tetu na nusu ya Mweiga. Akinitangaza vibaya, ningefunga karakana na kupanda basi la Nairobi kama binamu alivyotabiri. Nami nilikuwa nimekaa mbali na nyumbani vya kutosha. Sikutaka kuondoka tena.

Chombo nilikipata upesi. Hoteli moja ya watalii njia ya Naro Moru ilikuwa na sanduku la kioo la kufugia samaki pale mapokezi. Samaki walikuwa wamekufa na meneja hakutaka kuliona tena. Niliwatengenezea jenereta wakanipa. Nilisimamisha bodi kuu ndani yake, nikalaza kisanduku cha kugawa umeme chini kabisa, nikaacha feni moja ndogo ili ikoroge mafuta. Diski kuu niliiweka nje, juu ya kifuniko, kwa sababu ina kitundu cha kupumulia na mafuta yakiingia huko imekwisha. Hilo waliokuwa wakinicheka wasingelijua hata wangepewa mwaka.

Sasa mafuta. Ya transfoma sikuyataka. Wakati huo watu walikuwa wakitoboa transfoma za barabarani na kuiba mafuta, na mtu akionekana nayo Nyeri angelala ndani kabla hajaeleza fizikia. Nikakumbuka kwamba kule India nilimwona mwanafunzi mmoja akipoza saketi zake katika mafuta ya kupikia. Nikanunua mitungi ya mafuta ya kupikia, yale ya manjano ya mawese, nikachoma msumari, yakanyamaza, nikamimina. Nikawasha. Ilifanya kazi kutwa nzima, baridi kabisa, na taa yake ndogo ya kijani ikang'aa ndani ya mafuta kama kitu cha kanisani. Nilijipa mkono mwenyewe. Hapakuwa na mwingine wa kunipa.

Hiyo ilikuwa Juni, nikampelekea Mama Gathoni kinuni. Mnajua Julai ya kwetu. Ukungu unashuka kutoka Aberdare, jua halionekani wiki nzima, watu wanavaa makoti mawili. Asubuhi moja Mama Gathoni aliniita kwa ile sauti yake. Nilikuta sanduku limejaa kitu cheupe, kigumu, na kompyuta imekaa katikati yake kama mfupa ndani ya mchuzi uliolala. Alikuwa ameiwasha bila kujua, feni ikashindwa kuzunguka ndani ya mafuta yaliyoganda, ikaungua.

"Wahome, hii ni kompyuta ama ni matumbo ya jana?"

Pune hakuna mafuta yanayoganda. Mimi, mtoto wa kuzaliwa Giakanja, niliyekwenda shule peku juu ya umande wa Julai, nilikuwa nimekaa kwenye joto la watu mpaka nikasahau baridi ya kwetu. Hilo ndilo kosa lililoniuma kuliko yote, na sikulisema kwa mtu. Nilisema mafuta yalikuwa ya kampuni mbaya.

Aliyeniokoa hakuwa na diploma ya umeme. Alikuwa Kirimi, Mmeru kutoka upande wa Chuka, msaidizi wa daktari wa mifugo, ambaye kila mtu alimwita daktari na ambaye alikunywa chai kinuni kila asubuhi kabla ya kupanda pikipiki yake. Alikuwa mpole, mwenye mikono mikubwa, na alizungumza na ng'ombe kwa heshima kuliko alivyozungumza na mimi.

"Injinia," alisema, akigonga mafuta yaliyoganda kwa kijiko cha chai, "unataka mafuta isiyoganda, isiyooza, isiyo na maji?"

"Ndiyo."

"Ninayo kwa mfuko." Akatoa chupa. Ndani mlikuwa na mafuta mazito yasiyo na rangi wala harufu. "Hii tunanywesha ng'ombe ikifunga choo. Hata mtu anaweza kunywa. Nimeibeba mpaka kule juu Naro Moru kwa barafu, haijawahi kuganda."

Nilichoma msumari palepale kwenye jiko la chai la Mama Gathoni. Kimya. Nilitaka kumkumbatia, lakini yeye si mtu wa hayo.

Tatizo lilikuwa wingi. Sanduku lilitaka lita karibu arubaini. Duka la dawa za mifugo mjini lilikuwa na chupa kumi na mbili ndogo tu, na kuagiza Nairobi kungechukua wiki ambazo sikuwa nazo. "Lakini iko kwa watu," Kirimi alisema. Kila mwenye ng'ombe aliyemjua alikuwa na chupa moja au mbili amezificha darini, akingojea siku mbaya. "Panda nyuma. Tukaazime."

Tulizunguka siku nne. Tetu, Giakanja, Mweiga, hadi Kiganjo. Kwetu mtu akikuazima kitu kwa chombo, utamrudishia kwa chombo kile kile, kikiwa kimejaa pale pale kilipokuwa. Kwa hiyo sikuazima mafuta tu. Niliazima chupa za soda, vibuyu, mkebe wa rangi, chupa ya chai isiyo na kifuniko. Aliyetuazima nyingi zaidi alikuwa Mzee Lemayian, mfanyabiashara wa mifugo wa Doldol, aliyekuwa akileta mbuzi na ng'ombe Nyeri kwa lori. Alitupa jerikeni nzima.

"Ng'ombe zangu zinakula majani makavu," alisema. "Zikiziba nitafanya nini?"

"Nitakurudishia kabla ya kiangazi, mzee."

"Unaniandikia?"

"Hapana."

"Vizuri," alisema. "Karatasi inapotea. Nitakuja kuiangalia mwenyewe."

Kila chombo nilikipima kwa msumari mbele ya mwenyewe, na wengine hawakupenda. Mzee mmoja wa Mweiga aliniuliza kama nadhani anauza pombe haramu. Kibuyu kimoja kilitatarika, kilikuwa na maziwa ndani, nikamrudishia mwenyewe kwa upole.

Wa mwisho alikuwa Cucu Nyawira, yaani Nyanya Nyawira, wa Giakanja. Alikuwa rafiki wa nyanya yangu, mzee wa kanisa, mwanamke aliyenichapa nilipokuwa na miaka sita na bado alikuwa na haki hiyo. Tulimkuta uani.

"Kijana wa Muriithi, nasikia unatafuta mafuta ya ng'ombe ya kutia kwa mashine."

"Ndiyo, Cucu."

"Mashine imefunga choo?"

Kirimi alilazimika kugeuka kutazama pikipiki. Cucu aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na birika inayong'aa, imejaa hadi mdomoni. Chupa yake ilikuwa imevunjika shingo, alisema, akaona si vizuri kunipa kitu kibovu, kwa hiyo alikuwa ameosha birika ya wageni na kunitilia humo.

Msumari ulikuwa mfukoni. Jiko lilikuwa pale, lina moto. Kirimi alinitazama. Lakini ungepimaje kwa msumari kitu ulichopewa na Cucu Nyawira, kwa mikono miwili, ndani ya birika ya wageni? Nilipokea kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, tukaenda.

Alhamisi, siku mbili kabla ya Jumamosi yangu, nilimimina vyote. Nilikuwa nimebadilisha feni. Mama Gathoni alikuwepo, wapimaji wa magunia walikuwepo, na yule fundi wa redio wa stendi alikuwa amekuja makusudi na mkewe. Nilieleza kidogo kuhusu Pune. Niliwasha.

Ilifanya kazi kama dakika kumi. Kisha chini ya sanduku kukatoka mwanga wa buluu, paa, na kinu kizima kikazimika.

"Nilisema," yule fundi alimwambia mkewe.

Mama Gathoni hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alichukua kitambaa, akafuta meza iliyokuwa safi, akasema, "Jumamosi bado haijafika," akaenda kuwasha kinu.

Nilikaa chini nikatazama ndani ya kioo. Upande wa chini, mahali kisanduku cha umeme kilipolala, kulikuwa na shanga ndogo zinazotembea. Maji. Hayakuwa mengi, pengine kijiko kimoja, yale yanayobaki kwenye birika iliyooshwa kwa heshima na isiyokaushwa. Maji ni mazito kuliko haya mafuta. Yalikuwa yameshuka taratibu mpaka yakapata umeme.

Nilimfikiria Kulkarni akichoma msumari mbele ya tajiri wake. Ule haukuwa ukosefu wa adabu. Aliyepimiwa ndiye aliyekuwa akilindwa, jina lake lisije likatajwa siku kitu kimelipuka. Mimi nilimheshimu Cucu kiasi cha kumfanya, bila yeye kujua, awe ndiye aliyeivunja mashine.

"Ni ya nani?" Mama Gathoni aliniuliza jioni ile. "Ni nani alileta maji?"

"Ni kosa langu," nilisema. "Sikupima vizuri." Kirimi alikuwa kando yangu. Alikoroga chai yake muda mrefu.

Ijumaa tulikausha mafuta. Tulitoa yote kwa mpira, tukayaweka kwenye sufuria kubwa ya kupikia harusi ambayo Mama Gathoni aliitoa bila kuombwa, tukawasha makaa uani, moto mdogo, mbali na kuta. Nilisimama na msumari tangu asubuhi. Mara ya kwanza yalitatarika kama mvua juu ya bati. Saa sita yalitatarika kidogo. Wakulima waliokuja na magunia walisimama, na mmoja baada ya mwingine walianza kusikiliza nami. Mzee wa Mweiga, yule wa pombe haramu, ndiye aliyechutama karibu zaidi na sufuria akiwa ametega sikio.

"Bado," alisema.

Nikatia tena baada ya nusu saa.

"Bado. Kuna moja imelia."

Ilipofika saa tisa nilichoma msumari ukawa mwekundu, nikautia, tukanyamaza watu kama kumi na watano uani, na mafuta yakanyamaza pia. Mzee alisimama, akakung'uta magoti. "Hiyo sasa unaweza kunywa," alisema.

Nilichukua kisanduku cha umeme kutoka kwenye kompyuta yake ya pili iliyokufa, nikakisafisha, nikakifunga kwenye kidaraja cha mbao ili kisiguse chini tena. Hayo yaandikeni: katika mafuta, kitu chenye umeme mwingi hakilazwi chini kamwe. Pia waya zilizotoka juu nilizifunga kwa gundi kila moja, maana mafuta hupanda ndani ya waya kama yanavyopanda kwenye utambi, na nisingefanya hivyo kibodi ingekuwa imelowa kufikia Krismasi.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Mama Gathoni alikaa mbele ya skrini, akaingiza ng'ombe wa mkulima wa kwanza, maziwa yake, mimba yake, na bei za wiki ile. Kinu kilikuwa kikisaga nyuma yake, vumbi limejaa hewani mpaka nywele zake zimekuwa nyeupe. Mashine haikutoa sauti yoyote. Hesabu ilitoka. Akaingiza wa pili. Mchana alikuwa bado anaingiza, na alipoinuka aligusa kioo kwa kiganja kama mtu anayempima mtoto homa.

"Ni vuguvugu tu," alisema.

Ilifanya kazi hapo miaka zaidi ya minne, mpaka programu mpya zikataka mashine mpya. Sijasikia mtu mwingine aliyefanya hivyo Kenya wakati ule. Kama yupo, ajitokeze.

Lakini si hilo ninalolikumbuka sana siku hizi, asubuhi ninapoamka na hakuna mlango wa kufungua. Ninawakumbuka wageni. Kuanzia Jumatatu ile, wenye mafuta walianza kuja kuyaona. Mtu alileta gunia lake, akapitia pale, akasimama mbele ya kioo mikono nyuma. "Nimekuja kuangalia mafuta yangu." Kila mmoja alijua yake iko wapi. Mmoja alisema yake ni ile ya kona ya kushoto, na mwingine akabisha. Vyombo vyao vilikuwa vimepangwa kwenye rafu juu, vimebandikwa majina, na walihakikisha havijaguswa. Kisha walikaa. Mama Gathoni aliweka chai. Kirimi aliulizwa kuhusu ng'ombe, mimi nikaulizwa kuhusu umeme, pasi, redio, saa, na kama ni kweli Wahindi hawali nyama. Nilipata kazi nyingi kutoka kwenye benchi lile kuliko kutoka kwenye bango lolote, lakini hata zisingekuwepo ningekwenda. Nilikuwa nimeishi miaka mingi mahali ambapo hakuna aliyekuja kuniona. Sasa Doldol nzima ilijua mlango wangu. Lemayian hakupita Nyeri bila kusimama. Alikunywa vikombe vitatu, akatazama mafuta, akasema, "Iko," akaenda zake.

Mama Gathoni alitutoka miaka mingi iliyopita. Kirimi alihamishwa kwao Chuka na hatukuandikiana, wanaume tulivyo. Kinu sasa ni mahali pa kuoshea magari. Nimepita hapo juzi nikasimama kidogo, kijana akaniuliza kama gari langu liko nyuma.

Deni nilililipa mwaka ule ule, kabla ya kiangazi kama nilivyoahidi. Mafuta ya ndani ya sanduku yasingeweza kurudi: yalikuwa yamelala na risasi ya kulehemu, na kitu hicho hakipewi ng'ombe. Niliagiza mapya kutoka kwa muuzaji wa dawa Nairobi, nikayapima yote kwa msumari, nikajaza kila chombo mpaka pale kilipokuwa. Kirimi alinibeba. Chupa za soda Tetu, kibuyu Kiganjo, mkebe wa rangi Mweiga. Birika nilikuwa nimeikausha kwa jua siku mbili. Cucu Nyawira aliitazama ndani, akauliza kama yake ilisaidia, nikamwambia bila hiyo sanduku lisingejaa. Huo haukuwa uongo.

Ya mwisho ilikuwa jerikeni ya Lemayian. Tulifika Doldol mchana, siku ya soko, kuna mbuzi kila mahali. Alifungua kifuniko, akanusa, akaiinua kupima uzito, akampa mwanawe aipeleke nyumbani.

"Imejaa," alisema. "Sasa hatuna maneno mimi na wewe."

"Hatuna, mzee. Wewe ndiye wa mwisho. Nimelipa watu wote."

Alinipa mkono. Nilikuwa nimesubiri siku hiyo kwa miezi. Nilikuwa nimepanga hata nitakayoyasema kinuni nikirudi. Lemayian alibaki ameushika mkono wangu, akitazama lori lake lililokuwa likipakiwa mbuzi wa kwenda Nyeri.

"Na sasa nikipita Ruring'u," aliniuliza, "nitasema nimesimama kuangalia nini?"

Nilimwambia asimame tu. Alisema atasimama, kama mtu anavyosema kwa adabu tu, akaenda kuhesabu mbuzi wake. Kirimi aliwasha pikipiki, nami nikapanda nyuma. Mikono yangu, iliyokuwa imebeba chombo cha mtu tangu asubuhi, haikujua pa kukaa.